Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia

Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Methali hii aijua kila aliyewahi kukaa matangani. Mwenye msiba ndiye ashikaye mwanzo. Jirani hawezi kupiga mayowe kabla ya mwenye maiti, na akithubutu watu humtazama mara mbili. Leo nataka tuichukue methali hiyo tuipeleke mahali ambapo haijazoea kwenda, yaani katika fasihi yetu ya ukimwi. Katika tamthilia, riwaya na mashairi ya tamasha tuliyoyatunga kuhusu gonjwa hili, mtoto aliyefiwa na mzazi alianza kulia lini? Au ni wa mbali walioanza, wakalia mpaka wakachoka, wakakunja mikeka wakaenda zao kabla mfiwa hajafungua kinywa?

Nauliza kama mwalimu wa lugha, wala si kama daktari. Madaktari wamefanya yao na wanaendelea kuyafanya. Sisi wa lugha tulikuwa na kazi yetu, ya kumpa mtoto maneno ya kuuelezea msiba wake, na sina hakika kwamba tuliifanya.

Kwanza tukumbushane tulikotoka. Mgonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini Kenya alitambuliwa mwaka wa 1984. Ilichukua miaka 15 kabla ya Rais Moi kutangaza, mnamo Novemba 1999, kwamba ugonjwa huu ulikuwa janga la taifa. Katikati ya muongo uliofuata, makadirio ya Umoja wa Mataifa yalisema kwamba watoto zaidi ya milioni moja nchini walikuwa wamefiwa na mzazi au wazazi kwa sababu ya ukimwi. Magharibi mwa nchi tuliyaona hayo kwa macho. Barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Malaba inapita Webuye na Bungoma, na Kitale iko kwenye njia ya malori yaendayo Lodwar na Sudan Kusini. Penye malori pana hoteli na nyumba za kulala wageni, na penye hizo gonjwa hili lilijenga kambi. Miaka hiyo nilikuwa nikifundisha Kiswahili katika shule moja ya upili upande huo. Jumamosi zilikuwa za maziko. Ulitoka boma hili ukaingia lile, na wakati mwingine ilibidi ukoo ugawane, hawa waende Kimilili na wale waende Kitale, maana misiba ilikuwa miwili siku moja.

Na katika misiba hiyo yote watoto walikuwapo. Walichota maji, walibeba viti, walipigwa picha wakiwa wamesimama kando ya jeneza. Hotubani walitajwa kwa idadi: "Marehemu ameacha watoto watano." Basi. Baada ya hapo kipaza sauti kilirudi kwa wakubwa.

Fasihi yetu nayo ilifanya hivyohivyo. Chukua *Kilio Chetu*, tamthilia ya Medical Aid Foundation iliyosomwa sana katika shule za Tanzania tangu miaka ya 1990. Ni kazi yenye ujasiri. Inadai kwamba wazazi waache haya, wazungumze na vijana wao kuhusu mapenzi na ugonjwa, kwa kuwa kunyamaza kunaua. Chukua pia *Orodha* ya Steve Reynolds. Binti anaitwa Furaha, anafariki, na barua aliyoiacha inawatia watu hofu, kila mmoja akidhani jina lake limo. Hapa Kenya Omar Babu alituletea *Kala Tufaha*, na jina lenyewe la tamthilia hiyo linatosha kukukumbusha bustani ya Edeni: kuna tunda, kuna aliyelila, na kuna adhabu. Sisemi kwamba kazi hizi ni dhaifu. Nasema kwamba zinapochunguzwa kwa pamoja, macho yao yamemwelekea mtu mmoja, yaani yule aliyeambukizwa au aliye katika hatari ya kuambukizwa. Hadithi yao kuu ni ya mtu aliyepotoka, au aliyepotoshwa, na mwisho wake ni kaburi. Pazia linafungwa hapo.

Lakini kwa mtoto, pazia ndipo linapofunguliwa. Kesho yake baada ya maziko kuna asubuhi. Kuna uji wa kupika, kuna sare ya shule ya kufuliwa, kuna swali la nani atalala na kitindamimba. Nani alitunga tamthilia ya asubuhi hiyo?

Mashairi ya tamasha ndiyo yaliyonisumbua zaidi. Aliyekaa katika ukumbi wowote wa mashindano ya shule miaka ile atanikubalia kwamba tuliyasikia mpaka tukayazoea. Wanafunzi thelathini wamevaa sare, wananyoosha vidole kwa pamoja, wanaghani jinsi ukimwi ulivyo jitu lisilobagua, jinsi wazinzi wanavyovuna walichopanda. Hadhira inapiga makofi, majaji wanaandika alama. Nilikuwa nikizitazama zile safu nikijua kwamba wawili au watatu kati ya wanaoghani wamefiwa na mama au baba kwa ugonjwa huohuo. Tuliwapa watoto wale shairi la kumhukumu mzazi wao hadharani, wakaliimba kwa sauti nzuri kwa kuwa walitaka shule ishinde. Kama kuna hukumu ambayo uhakiki wa fasihi unapaswa kuitoa juu ya tungo zile, ni hiyo, hata kabla hatujafika kwenye vina na mizani.

Wapo watakaonijibu kwamba tungo zile zilikuwa za kuonya, na onyo halina budi kuwa kali. Nakubali nusu. Mwaka wa 1999 nyumba ilikuwa inawaka, na mtu anayepiga kelele za moto haulizwi kama ameteua maneno. Ila wale watoto hawakuhitaji onyo tu. Moto ulikwisha kupita kwao. Walihitaji mtu wa kukaa nao kwenye majivu. Riwaya ya William Mkufya, *Ua la Faraja*, iliyotoka mwaka wa 2004, ilijaribu kupanua uwanja, na si bure kwamba neno faraja limo katika jina lake. Ni chache mno zilizofuata njia hiyo.

Tugeukie lugha yenyewe. Kiswahili kina kitenzi ambacho kila nikikifundisha huniajabisha: kufiwa. Kufa ni kitenzi kisichohitaji mtu mwingine. Mtu hufa mwenyewe. Lakini Kiswahili kikakipa kiambishi cha kutendea, kikapata kufia, kisha kikakitia katika kauli ya kutendewa, kikapata kufiwa. Tunaposema "mtoto amefiwa na mama", kiima cha sentensi si mama. Ni mtoto. Kifo ni cha mama, lakini tukio limempata mtoto, na sarufi inamweka yeye mbele. Mwenye hali hiyo huitwa mfiwa. Mfiwa hupewa mkono, huambiwa pole, huulizwa amekula nini.

Sasa sikiliza lugha ya matangani. Mjane ni mfiwa. Ndugu za marehemu ni wafiwa. Mtoto je? Mtoto anaitwa yatima. Neno hili tulilipokea kutoka Kiarabu, na katika sheria ya Kiislamu yatima ni mtoto ambaye hajabaleghe aliyefiwa na baba. Wenyeji wengi wa Kitale na Bungoma, kwa upande wao, humwita yatima yule asiye na baba wala mama. Mashirika ya Umoja wa Mataifa nayo yana maana ya tatu: aliye chini ya miaka 18 aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Maana hizo tatu ziligongana vijijini. Mjane mmoja alipoambiwa kwamba wanawe wameandikishwa kuwa mayatima ili wapate madaftari na sare, aliuliza kwa ukali, "Mimi nimekufa lini?" Watu walicheka, lakini mama yule alikuwa mwanaisimu kuliko aliyeandika fomu.

Tofauti ya mfiwa na yatima si ya kamusi tu. Mfiwa ni mtu aliyepatwa na jambo, yatima ni mtu wa aina fulani. Mfiwa hufarijiwa na yatima husaidiwa. Yatima huhesabiwa, huorodheshwa, hupewa blanketi na kupigwa picha akiwa amelishika. Baadaye mashirika yakaleta kifupisho chao cha herufi tatu, OVC, na muda si muda ukawasikia walimu wakisema, "OVC wote wasimame mstari huu." Tafsiri yake rasmi, mayatima na watoto walio katika mazingira magumu, ni ndefu na haina kosa la kisarufi, lakini hakuna mtoto hata mmoja niliyemsikia akijiita hivyo. Msaada ulihitajika, sibishi. Serikali ilipoanza mwaka wa 2004 kutoa fedha kwa familia zinazolea watoto hao, ilikuwa hatua kubwa. Ninachodai ni kwamba neno la msaada lilimeza neno la faraja. Kumbe tulikuwa nalo neno jingine la asili, mkiwa, mtu aliyebaki peke yake, lenye undugu na ukiwa, ule utupu wa nyumba iliyohamwa. Neno hilo lingeweza kusema anavyojisikia mtoto. Tukaliacha katika mashairi ya kale.

Halafu kuna methali. "Yatima hadeki," twasema. Kudeka ni haki ya mtoto. Ni kulia kwa sababu chai haina sukari, ni kukataa kuoga mpaka ubembelezwe. Methali hii inamnyang'anya mtoto utoto wake kwa maneno mawili, na watu huitamka kama hekima. Wakubwa wa boma huongeza neno lao: "Jikaze. Wewe ndiye mwanamume sasa." Anayeambiwa hivyo ana miaka kumi.

Tafsida nazo zina kesi ya kujibu. Kwa adabu hatusemi "amekufa". Twasema ametuacha, ametutoka, amelala, amesafiri. Kwa mtu mzima tafsida hizi ni mto laini wa kuwekea kichwa. Mtoto mdogo hazioni kuwa tafsida. Huzisikia kama zilivyo. Mama amelala? Basi mtoto anaogopa kulala. Amesafiri? Basi ataenda stendi kungoja. Na lile la "ametuacha" ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa huzaa swali ambalo nimelisikia kwa masikio yangu kutoka kwa kitoto cha darasa la pili: "Kwani tulimkosea nini?" Wataalamu wa ushauri nasaha kwa watoto husisitiza kwamba mtoto aambiwe wazi, kwa upole, kwamba mzazi amekufa, kwamba hatarudi, na kwamba si yeye aliyesababisha. Ushauri huo ni wa kitiba, lakini pia ni wa kiisimu, maana unahusu uteuzi wa msamiati.

Ukimwi uliongeza tafsida juu ya tafsida. Matangazo ya vifo yalisema "baada ya kuugua kwa muda mrefu". Mitaani watu walisema ana mdudu, ana ngoma, amekanyaga waya. Huko Kagera, Tanzania, mwanzoni kabisa, ugonjwa uliitwa Juliana kwa jina la nguo zilizovuka mpaka kutoka Uganda. Nimesimuliwa habari ya kijana aliyekua akizikwepa nguzo za stima njia nzima ya shule, kwa kuwa alipokuwa mdogo alisikia wakubwa wakinong'ona kwamba baba yake alikanyaga waya. Wakubwa walidhani wanamkinga. Walichompa ni hofu ya pili.

Kisha tukabandika kutani methali ya "Mficha maradhi kifo humuumbua." Ilifaa kumhimiza mtu apimwe. Lakini aliyekufa haumbuki tena. Anayebaki kuumbuka ni mwanawe, ambaye kesho yake uwanjani atasikia wenziwe wakinong'ona, na ambaye hakuficha chochote kwa kuwa hakuambiwa chochote.

Msomaji huenda akauliza: Je, watoto wenyewe walifanyaje? Walipambana na hali vipi? Hapa ndipo ninapoona fasihi ambayo sisi wahakiki tuliipita bila kuisalimu. Watoto walitunga. Walitunga katika insha, michezo na majina waliyopeana.

Kuna insha moja ninayoikumbuka vizuri. Mada ilikuwa ile ya kila mwaka, siku nisiyoisahau maishani. Binti wa kidato cha pili aliandika kurasa mbili kuhusu siku ng'ombe wao alipouzwa. Alieleza rangi ya ng'ombe, kiasi cha maziwa aliyotoa asubuhi na jioni, jinsi alivyokataa kupanda lori, jinsi kamba ilivyobaki imefungwa kwenye mti. Aliandika kwamba ng'ombe aliuzwa kulipa hospitali. Kifo cha mama hakikutajwa, na neno huzuni halimo. Lakini kila aliyejua nyumbani kwao alijua kwamba mama alizikwa mwezi huohuo. Katika vitabu vyetu vya nadharia jambo hili tunaliita taashira, tukatoa mifano ya washairi wakubwa. Binti yule hakuwa amesoma nadharia. Aliuona mlango wa mbele umefungwa akapitia wa nyuma, na ile kamba iliyobaki mtini ilisema kila kitu.

Mfano wa pili ni wa nyakati za vitenzi. Kijana mmoja aliendelea kuandika, mwaka mzima baada ya maziko, "Mama yangu ni mwalimu. Anapenda chai ya maziwa." Mwalimu mwenzangu aliyasahihisha kwa wino mwekundu: alikuwa, alipenda. Kisarufi mwenzangu alikuwa sahihi. Lakini tazama jinsi Kiswahili chenyewe kinavyojua kuvumilia. Tuna "amekufa" na tuna "alikufa". Kiambishi -me- kinasema tendo limetimia na matokeo yake yapo bado, yamejaa chumbani. Kiambishi -li- kinalisogeza tendo nyuma, kinaliweka mahali pake katika wakati. Mtoto aliyefiwa husafiri polepole kutoka "mama amekufa" hadi "mama alikufa". Kwa mmoja safari hiyo ni ya miezi, kwa mwingine ni ya miaka, na hiyo ndiyo kazi yenyewe ya kuomboleza. Hakuna wino mwekundu uwezao kuiharakisha.

Mfano wa tatu ni wa majina. Katika nyumba nyingi zilizobaki na watoto peke yao, dada mkubwa aliitwa "mama" na wadogo zake. Wengine walipelekwa kwa kukhu, nyanya yao, na baada ya muda wakawa wanamwita mama, na jina kukhu likabaki kwa majirani. Kwa njia hiyo pengo lilizibwa kwa neno kabla ya kuzibwa kwa kitu kingine chochote. Ukitaka kujua jinsi watoto walivyojikimu kihisia, sikiliza nani aliitwa nani.

Fasihi andishi ina kielelezo kimoja kinachotuhusu sisi wa pande hizi. Ken Walibora, mzaliwa wa Bungoma aliyekulia Cherangany karibu na Kitale, alichapisha *Siku Njema* mwaka wa 1996. Kongowea Mswahili anafiwa na mama kule Tanga, na riwaya nzima inakuwa safari yake ya kumtafuta baba, safari inayomfikisha Kitale. Sisemi kwamba ni riwaya ya ukimwi. Nasema kwamba katika miaka ambayo vitabu vya ukimwi vilikuwa vikiwafunda watoto wetu, riwaya hii iliyosomwa na kutahiniwa shuleni ndiyo iliyowapa mfiwa anayesema "mimi". Kongowea ndiye msimulizi. Hahesabiwi na mtu, hapewi blanketi la kupigia picha. Anatafuta. Nilipokuwa nikiisoma darasani, wale waliofiwa ndio waliokuwa kimya zaidi, na ndio waliorudisha kitabu wakiwa wamechelewa. Sishangai kwamba mwandishi huyohuyo, alipoandika kumbukumbu za maisha yake mwenyewe, alizipa jina *Nasikia Sauti ya Mama*.

Utamaduni wa Babukusu ungeweza kusaidia zaidi, lakini nao ulikuta milango yake haitoshi. Tunayo sanaa kubwa ya kuwafariji wafiwa, kumuse. Baada ya maziko mfariji, ambaye ni fanani wa kweli wala si msemaji wa kuokota, hutembea katikati ya umati akisimulia asili ya ukoo, akionya na kuliwaza. Lakini kumuse huswaliwa kwa ajili ya mzee aliyeheshimika, mtu aliyekamilisha safari yake akaona wajukuu. Waliokufa kwa ukimwi wengi wao walikuwa na miaka 30 au 35. Hawakustahili kumuse kwa mujibu wa mila, kwa hiyo watoto wao hawakufarijiwa kwa sanaa hiyo. Sidai kwamba mila ivunjwe. Nashangaa tu kwamba hakuna mtunzi aliyechukua umbo la kumuse akaliandikia shairi au tamthilia inayozungumza na watoto wa mtu aliyekufa kijana.

Tohara pia. Kila Agosti ya mwaka unaogawika kwa mbili, vijana wa Bungoma na Trans Nzoia hupiga njuga zao wakizunguka kuwaalika jamaa. Lazima kijana afike kwa khocha, ndugu wa mama yake. Fikiria yule ambaye mama yake alizikwa katikati ya lawama, ukoo wa baba ukisema mama ndiye aliyeleta ugonjwa, ukoo wa mama ukijibu vivyo hivyo. Njia ya kwenda kwa khocha imefungwa. Msiba aliodhani ameuzika miaka sita iliyopita unafufuka siku anayopaswa kuwa mwanamume. Hiyo ni tamthilia kamili, yenye mgogoro na ngoma na jukwaa. Bado naingoja.

Majirani zetu walitutangulia. Nchini Uganda, chama cha wanawake wanaoishi na virusi, NACWOLA, kilichoundwa mwaka wa 1992, kiliwafundisha akina mama kuandika vitabu vya kumbukumbu kwa ajili ya watoto wao. Mama aliandika mtoto alizaliwa wapi, jina lake lilitoka kwa nani, alipenda kula nini alipokuwa mdogo, na kwamba yeye mwenyewe ni mgonjwa. Kitabu kiliandikwa mama akiwa hai, mara nyingi na mtoto pembeni, na hivyo kikawa pia njia ya kumwambia ukweli. Huko Nshamba, wilayani Muleba katika mkoa wa Kagera, mradi wa Humuliza ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990 uliwafunza walimu na walezi kumsikiliza mtoto aliyefiwa. Humuliza kwa Kihaya ni kuliwaza. Watoto wenyewe wakaunda chama chao, wakakiita Vijana Simama Imara, wakakiongoza wao. Ona tofauti ya majina. OVC ni jina ulilopewa na mwingine. Simama Imara ni jina la mtu aliyejitaja mwenyewe.

Utaniambia hayo yamepita. Tangu mwaka wa 2006 dawa za kupunguza makali hutolewa bila malipo katika hospitali za umma, na wazazi wengi ambao wangekufa wanalea wajukuu leo. Nashukuru. Lakini wale watoto wa 1999 na 2004 hawakuyeyuka. Ndio walimu wa leo, ndio wahudumu wa matatu za Kitale, ndio wazazi wanaoulizwa na wana wao, "Babu alikufa na nini?" Wengi bado hawana sentensi ya kujibia. Na mwanzoni mwa 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje na hofu ikaingia katika kliniki, tulikumbushwa kwamba uhai wa wazazi wengi bado umefungwa kwa uzi mwembamba.

Kwa hiyo wito wangu ni kwa watu wa kazi yangu. Anayetunga shairi la tamasha aulize kwanza kama kuna mtoto katika safu ile ambaye shairi litamlazimisha kumtukana aliyemzaa. Mwalimu anayesahihisha insha aijue tofauti ya kosa la wakati na kilio. Mhakiki afungue mlango kwa tungo za watoto wenyewe, hata zilizoandikwa kwa penseli, azisome kwa makini yaleyale anayoyatumia kwa Shaaban Robert. Na anayekwenda matangani wiki hii, pale mkono unapotolewa kwa wakubwa mmoja mmoja, asogee mpaka nyuma ya jiko waliko watoto. Ainame, amwambie mkubwa wao pole, amtaje aliyekufa kwa jina, kisha anyamaze. Huenda mtoto akawa na la kusema.